Nani wa Kuaminiwa Kuhusu Tabianchi? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi nilizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Watu wanabishana kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kila mmoja ana profesa wake, grafu yake na video yake, na msikilizaji hajui ashike lipi. Nimechagua maswali manane. Nimeyafupisha, lakini sikuyapunguza ukali.

Shikamoo. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha ifikapo mwaka 2020. Leo mimi ndiye ninayefundisha, na asubuhi isiyo na mawingu wanafunzi wanaionyesha kwa kidole: "Mwalimu, si ile pale?" Niwajibu nini? (Mwalimu wa jiografia, Moshi)

Marahaba, mwalimu. Waambie wana haki ya kuuliza. Kisha waonyeshe kwamba katika somo lile yalichanganywa mambo yenye uzito tofauti.

Kuna kipimo. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia mwaka 2000 zilibaki chini ya 3, na mwaka 2011 zilibaki 1.76. Hayo yamepimwa kwa ramani na picha za kutoka juu, na hakuna mtaalamu anayeyabisha.

Halafu kuna makadirio. Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake waliandika katika jarida la Science mwaka 2002 kwamba, iwapo hali ya miaka ile ingeendelea vilevile, barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Kadiri habari ilivyosafiri, sharti lilidondoka na mwaka ukabaki. Ilipofika darasani kwenu ilikuwa imeshakuwa ahadi.

Jambo la tatu ni sababu, na hapo wataalamu wenyewe walivutana. Georg Kaser na Thomas Mölg wa Innsbruck, Austria, walieleza kwamba kule kileleni hewa huwa chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke chini ya jua kali bila kuyeyuka kwanza. Walisema kisa kikuu ni ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19: mawingu yalipungua, theluji mpya ikapungua. Mwaka 2007 jaji wa Mahakama Kuu mjini London, akiamua kesi juu ya filamu ya Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa Marekani, kuhusu joto la dunia kuonyeshwa shuleni, alitaja Kilimanjaro miongoni mwa madai ambayo filamu iliyavusha kupita ushahidi, ingawa alisema pia kwamba kwa ujumla filamu ilikuwa sahihi.

Mimi nisingeutumia Kilimanjaro kama ushahidi wa kwanza wa joto la dunia. Vipimo vya joto la nchi kavu na la bahari vina nguvu zaidi. Lakini anayesema "barafu bado ipo, kwa hiyo yote ni uongo" anakimbia ile namba ya 12 iliyoshuka hadi chini ya 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa makadirio mengine, kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Wafundishe vijana wako kuyasoma haya kama makadirio tangu leo, na waulize yamejengwa juu ya vipimo gani.

Binamu yangu aliye Marekani amenitumia orodha ya wanasayansi zaidi ya 31,000 waliotia saini kwamba binadamu haharibu tabianchi. Watu wote hao wamekosea? (Mombasa)

Orodha hiyo ipo. Ilianza mwaka 1998 katika jimbo la Oregon. Sharti la kusaini lilikuwa kuwa na shahada katika fani ya sayansi, kwa hiyo wamo wahandisi, madaktari wa binadamu na madaktari wa mifugo. Kwa mgawanyo wa waandaaji wenyewe, waliosomea tabianchi hasa ni 39. Barua iliyosambazwa iliambatana na makala iliyopangwa ikafanana sana na zile za jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Aprili 1998 Chuo hicho kilitoa tamko kwamba makala ile haikuwa yake na haikuchapishwa katika jarida lake. Kwangu mimi hilo linatosha. Mwenye hoja nzuri haazimi sura ya mwingine.

Upande wa pili nao wana namba yao, asilimia 97. Itumie kwa uangalifu. Inatokana na kazi ya John Cook na wenzake ya mwaka 2013, waliosoma ikisiri, yaani muhtasari, za makala karibu 12,000 za kisayansi. Takriban thuluthi mbili hazikutaja msimamo wowote kuhusu kisababishi. Katika zile zilizotaja, asilimia 97 zilikubali kwamba binadamu anachangia joto hili. Mweleze binamu yako hilo la thuluthi mbili wewe mwenyewe kabla hajakueleza yeye.

IPCC, lile Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ni chombo cha Umoja wa Mataifa na serikali ndizo zinazopitisha maneno yake. Hiyo si siasa tupu? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Siasa imo. Swali ni imo mahali gani, na inavuta kuelekea wapi.

Jopo hili lilianzishwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lile lenye makao Gigiri, Nairobi. Halifanyi utafiti wake. Wanasayansi, ambao hawalipwi na Jopo, husoma maelfu ya machapisho na kuyapima. Ripoti kamili ni yao. Serikali hupitisha mstari kwa mstari ule muhtasari wa watunga sera, na waandishi hukataa sentensi isiyolingana na sura za ndani. Fikiria waliokaa ukumbini mwaka 2021: Saudi Arabia, Marekani, China, na visiwa vidogo vinavyohofia kumezwa na bahari. Maneno yanayokubaliwa na hao wote mara nyingi yamepunguzwa makali. Kwa hiyo ripoti ya 2021 iliposema kwamba hakuna shaka binadamu ameipasha joto dunia, sentensi hiyo ilipita pia mikononi mwa wauza mafuta.

Lakini usiache kulichunguza. Ripoti ya mwaka 2007, juzuu ya pili, ilisema barafu za milima ya Himalaya zingeweza kutoweka ifikapo 2035. Lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu barafu nene kiasi kile haiwezi kwisha kwa miongo mitatu. Watu walipofuata rejea, walikuta Jopo limenukuu ripoti ya shirika la uhifadhi la WWF ya 2005, na WWF walitegemea habari ya gazeti la New Scientist ya 1999, iliyotokana na mahojiano. Mwisho wa njia hapakuwa na kipimo chochote. Januari 2010 Jopo lilikiri hadharani, na mwaka huohuo baraza la vyuo vya sayansi vya mataifa mbalimbali lilikagua taratibu zake na kudai zikazwe.

Wapinzani hulitaja kosa hili kama mwisho wa mjadala. Mimi nalitazama kwa namna nyingine. Liligunduliwa kwa sababu rejea ilikuwa imeandikwa na mtu yeyote angeweza kuifuata nyuma hatua kwa hatua. Walioligundua walikuwa wataalamu wa barafu wenyewe. Ifanyie video uliyotumiwa kazi hiyohiyo. Grafu ile imetoka kwa nani? Inaanzia mwaka gani, na kwa nini huo? Ukikuta njia imekatika hatua ya kwanza, huna chanzo, una sauti tu.

Mwaka 2021 walitutangazia kimbunga Jobo, tukavuta mashua juu, hakikuja. Hawa wanaoshindwa kutabiri siku tatu watajuaje mwaka 2100? (Mvuvi, Kilwa Masoko)

Pole kwa siku zilizopotea. Jobo kilikuwepo baharini, kikaishiwa nguvu kabla ya kugusa nchi kavu. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kimbunga Hidaya kwa utaratibu uleule, na hicho kilifika, Mafia wanakijua. Ukiwahukumu kwa Jobo peke yake, Hidaya kitakukuta mashua iko majini.

Kuhusu 2100, ni kazi mbili tofauti. Utabiri wa siku tatu hutaka kujua kimbunga hiki kitapita wapi. Makadirio ya miaka 80 hutaka kujua wastani utasogea kiasi gani gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani, zikiongezeka. Siwezi kukuambia kama tarehe 3 Julai itakuwa na baridi, lakini naweza kukuambia Julai itakuwa na baridi kuliko Januari.

Ila soma taarifa ya Mamlaka yenyewe, usisubiri kusimuliwa. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba kwa mujibu wa wataalamu El Niño haingekuja tena, ingekuwa mvua kubwa tu. Utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ulikuwa umeonyesha mvua za juu ya wastani. Mafuriko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 100.

Mtafiti akilipwa na kampuni ya mafuta, si basi ni mwongo? (Kampala)

Hapana. Pesa ni sababu ya kukagua zaidi, haitoshi kuwa hukumu. Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley, alikuwa na mashaka na takwimu za joto la dunia. Alianzisha mradi wa kuzihesabu upya, na miongoni mwa waliouchangia ilikuwa taasisi ya Charles Koch, tajiri wa biashara ya mafuta. Mwaka 2012 alitangaza kwamba ongezeko la joto ni la kweli na kwamba karibu lote limetokana na binadamu. Wanasayansi wa Exxon nao, katika nyaraka za ndani tangu mwisho wa miaka ya 1970, walikadiria joto la baadaye kwa usahihi mkubwa, wakati kampuni ikieneza mashaka hadharani. Kwa hiyo uliza kama mtafiti amemtaja anayemlipa, na kama takwimu zake ziko wazi mwingine azihesabu. Anayeficha vyote viwili, mwache.

Tunaishi karibu na bomba la mafuta ghafi. Wahusika wa mradi wanasema hewa chafu ni kidogo, wanaharakati wanasema ni balaa. Mmoja wao anadanganya? (Tanga)

Huenda hakuna anayedanganya kwenye hesabu. Wanahesabu vitu tofauti, na wengi hawasemi hivyo.

Bomba la Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443. Linatakiwa kupashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda huganda katika joto la kawaida. Ukihesabu ujenzi, pampu na kupasha joto tu, namba inakuwa ndogo. Ukihesabu pia mafuta yenyewe yanapochomwa huko yanakouzwa, inakuwa kubwa sana. Pipa moja likichomwa hutoa takriban tani 0.43 za kaboni dioksidi. Mapipa 200,000 kwa siku ni zaidi ya tani milioni 31 kwa mwaka. Hesabu hiyo unaifanya mwenyewe kwa simu.

Kisha kuna swali ambalo hakuna mwanasayansi atakayekujibu kwa kipimo, nalo ni kama Uganda na Tanzania, zilizochangia kidogo sana kuliharibu anga, zina haki ya kuuza mafuta haya. Mimi naona ni swali la haki na maslahi, na mtu anaweza kukubali sayansi yote akajibu ndiyo au hapana. Mwogope anayekana kipimo ili ashinde mjadala wa haki. Mwogope vilevile anayejifanya kipimo kimeshaumaliza.

Nairobi ikifurika, wanasiasa wanasema ni tabianchi. Ni kweli au ni kisingizio? (Mathare)

Kuna kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution, linalopima tukio moja moja. Mwaka 2023 lilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame wa Pembe ya Afrika, ule wa misimu mitano iliyofeli mfululizo, angalau mara 100. Mwaka uliofuata lilichunguza mvua za masika zilizowafurikia. Safari hii lilikuta mchango mdogo, kama asilimia 5 ya wingi wa mvua, tena wenye mashaka, na likasisitiza ukuaji wa haraka wa miji na watu kujenga kwenye njia za maji.

Ndiyo sababu nawaheshimu. Walipima, jibu likatoka kubwa mara moja na dogo mara nyingine, na yote mawili wakayatangaza. Kiongozi ambaye jibu lake ni "tabianchi" kila mtaro unapoziba hajapima kitu. Muulizeni bajeti ya mitaro.

Babu yangu amepita miaka 80. Anasema haya yote ameshayaona, mwaka 1961 ziwa lilipanda kuliko sasa. Naye ni chanzo? (Bukoba)

Ni chanzo, tena kizuri, kwa yale aliyoyaona. Mvua za mwaka 1961 zilikuwa za ajabu kweli, na Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 hadi mwaka 1964. Hapo kumbukumbu yake na kipimo cha maji ya ziwa kilichoko Jinja, Uganda, vinakubaliana. Kwenye "kuliko sasa" vinaachana, kwa sababu Mei 2020 maji yalipita kidogo rekodi ile ya 1964.

Magharibi mwa Kenya, wazee wa Nganyi, wanaojulikana kwa kusoma dalili za mvua, wamekaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa wakalinganisha dalili zao na utabiri wa vyombo. Fanya hivyo nyumbani. Usimuulize babu kama tabianchi inabadilika, atakupa maoni kama mtu mwingine yeyote. Muulize maharage ya vuli yalipandwa mwezi gani alipooa, kisima kipi hakikukauka, maji ya mwaka 1961 yalifika kwenye nyumba ya nani. Andika na majina ya mahali, kisha omba kumbukumbu za mvua za miaka hiyo katika kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Ukizipata, niandikie umekuta nini, hata kama vimepishana.