Barua kwa mwanangu: wewe shika ndoo

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha za madarasa mapya nimeziona. Ule mstari wa tatu wa tofali upande wa kushoto umepinda. Mwambie fundi arudishe uzi kabla hajaendelea.

Umeuliza wanafunzi wako wa kidato cha kwanza wajibiwe nini: Wamisri wa kale walipandisha mawe ya piramidi kwa tuta la mwinuko, au kwa mitalimbo ya mbao? "Chagua moja, baba, wewe ni mwashi."

Kabla sijachagua, umewaambia habari za maji? Huko Deir el-Bersha, Misri, katika kaburi la mkuu wa jimbo aliyeitwa Djehutihotep, kuna mchoro wa mwaka 1900 hivi kabla ya Kristo. Watu 172 wanavuta kwa kamba sanamu kubwa iliyokalishwa juu ya mbao za kuburuta, bila gurudumu hata moja. Magotini pa sanamu kasimama mtu anapiga makofi kuwapa mwendo. Chini, mbele kabisa, mwingine anamwaga maji mchangani. Wapo wataalamu waliosema ni ibada tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wakapima: mchanga ukilowa kwa kiasi chake, nguvu ya kuvuta hupungua kama nusu. Maji yakizidi, faida inapotea.

Hapo kwenye "kwa kiasi chake" ndipo panaponichoma mpaka leo.

Habari ya mashine ya kusaga ya babu yako umeisikia kwa shangazi yako, naye huanzia kwenye pilau. Ya kabla ya pilau ni haya. Lori liligoma chini barabarani, na kilima unakijua. Mimi nilikuwa nimetoka Tanga na cheti cha uashi mfukoni, nikawaambia wazee tukate magogo tuviringishe. Hatua kumi tu, magogo yakazama kwenye udongo mwekundu. Babu yako hakusema neno. Akaingia shambani, akaangusha migomba iliyokwisha kuzaa, akaipasua na kuitandika kilimani, mashine ikawekwa juu ya mbao mbili. Nikashika kamba na wenzangu. Akanitoa, mbele ya wakwe zangu: "Wewe shika ndoo."

Nikamwaga kwa hasira. Maji yakawafikia wavutaji miguuni, wakateleza kama kuku kwenye utelezi wa masika, mashine ikarudi nyuma hatua nne mpaka kabari za baba yako mdogo zikaikamata. Babu yako akaniuliza, taratibu kabisa, "Unaipandisha au unaiogesha?" Mama yako huniuliza hivyo hivyo kila nikiosha baiskeli. Baada ya hapo nilimwaga kata moja moja, chini ya mbao tu, na alasiri tukawa juu. Nyama wakala wa kamba kwanza.

Nimekwambia tangu ungali mdogo: jiwe halipandi kwa nguvu, linapanda kwa mpango.

Haya, tuta lako. Lililonyooka mpaka kilele cha piramidi kuu ya Giza, ile ya mfalme Khufu, mita 146, lingekula kifusi kisichopungukiwa sana na piramidi yenyewe. La kuzunguka linafunika pembe, na mimi bila kuona pembe sijengi hata choo. Mitalimbo? Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, alisimuliwa kuwa walitumia vyombo vya mbao fupi, ngazi kwa ngazi, ila yeye alifika Misri miaka 2000 baada ya Khufu. Na mawe ni kama milioni 2.3, mengi ya tani mbili na nusu hivi. Kwa miaka 20 ni zaidi ya 300 kila siku. Uyainue yote kwa kubinua na kutia kabari? Hapana.

Lakini ngoja. Piga hesabu ya umbo lenyewe: nusu ya ujazo wote iko katika mita 30 za chini. Tuta fupi linamaliza nusu ya kazi! Tena mwaka 2018, kwenye machimbo ya alabasta ya Hatnub, ilitangazwa njia ya mwinuko mkali ya zama za Khufu, yenye ngazi pande mbili na mashimo ya nguzo, huenda za kuzungushia kamba. Hayo ni machimbo, si Giza, najua, usinikatize. Hata mchoro wangu wa maji ni wa miaka 600 na zaidi baada ya Khufu, na sanamu ile haipandi popote.

Nilikuwa nimekuandikia "tuta chini, mitalimbo juu kabisa". Nimekata. Utaliona hapo chini ya wino, lisome ukipenda, lakini usiliandike ubaoni.

Waandikie habari za Merer, msimamizi wa kikosi cha wasafirisha mawe wa zama za Khufu. Shajara yake ya mafunjo ilipatikana Wadi al-Jarf mwaka 2013: yeye na watu wake kama 40 wakipakia mawe ya chokaa Tura, wakivuka Nile kwa mashua hadi Giza, wakirudi tena, siku kwa siku. Namna mawe yalivyopanda, kurasa zilizosalia hazitaji. Kazi yake iliishia kwenye maji. Ya mwashi angeyasimulia ya nini?

Na ukichora wavuta kamba, mchore na wa ndoo. Asimame mbali na miguu ya watu.

Baba yako