Jibu: Nimegundulika na ADHD ukubwani, tiba ya mazungumzo itanisaidia nini?

Umeuliza kama kuna haja ya tiba ya mazungumzo wakati ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu) ni hali ya ubongo na tayari umeandikiwa dawa. Ipo, ila kazi yake ni nyingine. Dawa hupunguza kutawanyika kwa mawazo; haikufundishi kupanga siku, wala haifuti miaka ya kuitwa mvivu.

Omba tiba ya utambuzi na tabia (CBT), yaani ile inayoshughulikia unavyofikiri na unavyotenda, na uliza mapema kama mtaalamu amewahi kuhudumia watu wazima wenye ADHD. Usiliruke hili: vikao vya kuchimba mambo ya utotoni pekee havitakufanya ulipe bili kwa wakati. Vikao vya mwanzo huwa vya vitendo: kalenda moja tu, orodha moja tu, kazi kubwa ikatwe vipande vya dakika 10 hadi 15. Baadaye mnageukia mawazo kama "nitaanza nikipata hamasa", pamoja na huzuni ya kuchelewa kujua kuwa una ADHD, ambayo huwapata wengi.

Penye kukwama ni mazoezi ya nyumbani anayokupa mtaalamu. Mtu anayasahau, anaona aibu, anaacha kwenda. Kusahau huko ni dalili ileile unayotibiwa! Mwambie mtaalamu waziwazi, myaandike kabla hujatoka, na utege kengele ya simu palepale.