Barua kwa mwanangu: visiki vya kule mfongoni

Machame, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumatano nimeupata. Mama yako alinisomea kwanza, halafu nikavaa miwani nikausoma mwenyewe, maana swali kama lile halijibiwi kwenye simu mtu akiwa amesimama. Unasema katika kikundi chenu cha maombi huko Dar es Salaam mhubiri amewafundisha Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3, kwamba "nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea", akaongeza kuwa Mkristo anayehangaika na miti ni sawa na mtu anayepiga lipu nyumba inayowaka moto. Ukaniuliza: "Baba, kama yote yataungua, wewe na viriba vyako vya miche unamfanyia nani kazi?"

Kwa kuwa umeuliza kwa Maandiko, nitaanza na Maandiko. Halafu kuna jambo jingine ambalo sijapata kukuambia.

Mhubiri wenu arudi juu mistari michache. Kabla ya moto, Petro anataja gharika. Anasema dunia ya wakati ule iligharikishwa na maji, ikaangamia. Haya, iliangamia vipi? Nuhu alipotoka safinani alikanyaga wapi? Ni udongo uleule, na humo akapanda mizabibu. (Yaliyompata baada ya kunywa divai yake tuyaache.) Tena kabla mvua haijaanza, Mungu hakumwambia aokoe watu wanane basi. Alimpa kazi ya kuhifadhi wanyama na ndege wa kila namna, hata wale ambao Nuhu hakuwa na haja nao wala hamu ya kulala nao chumba kimoja. Kama hukumu inayokuja ni ruhusa ya kutojali viumbe, Nuhu ndiye angekuwa wa kwanza kuipata.

Na kabla ya dhambi, kabla hata ya Hawa kuletwa, Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimweka mtu bustanini "ailime na kuitunza". Sisi tulikariri sana lile neno la sura ya kwanza la kuitiisha nchi, hili la kuitunza tukaliruka. Hiki kihamba, shamba letu la ukoo, tunakiita chetu, babu yako amezikwa humu kati ya migomba, lakini katika Walawi 25 Mungu anasema nchi ni yake, sisi ni wageni tu kwake. Mgeni hang'oi mlango wa mwenyeji wake akauuza.

Sasa lile neno "zitateketea". Miaka kadhaa iliyopita mchungaji mmoja alitufundisha sisi wazee wa kanisa, akatueleza kuwa nakala za Kigiriki za kale sana hazina "zitateketea" mahali pale. Zina neno la kuonekana: nchi na kazi zilizomo ndani yake zitaonekana, zitakuwa wazi. Wenzangu waliandika kwenye madaftari yao. Mimi nilikaa na kalamu mkononi, nikiona visiki viwili.

Unaikumbuka ile chemchemi ya nyuma ya kihamba, pale mfongo wetu, ule mfereji wa maji, ulipoanzia. Ilisimama miringaringa miwili pale, mmoja huwezi kuukumbatia peke yako. Babu yako alikuwa mpole kwa karibu kila jambo, ila mti wa kwenye maji alikuwa haruhusu kukata hata tawi la kuegeshea ndizi. Mwaka 2002 ulichaguliwa kwenda kidato cha tano. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, kilo za mwaka mzima hazikutosha hata godoro na sanduku lako. Babu yako alikuwa ameshafariki. Akaja mnunuzi wa mbao na kijana mwenye chenso, msumeno wa mashine, tukapatana juu ya gogo, nikapokea pesa nikiwa nimewapa mgongo.

Ilichukua asubuhi moja. Mbao za mringaringa zinapendwa na mafundi samani, unajua, na siku hiyo zilibebwa mabegani mpaka barabarani. Nilimwambia mama yako nimekopa. Wewe nilikuambia Mungu amefungua njia, ukafurahi, ukaomba tushukuru pamoja, nami nikasema amina.

Kiangazi cha kwanza maji yalitoka kama kawaida. Cha tatu yalikuwa membamba kama mkia wa panya, na mzee wa kihamba cha chini, ambaye mfongo ndio ulinywesha mboga zake, alikuja kuuliza kama kuna mtu ameziba juu. Nikamwambia huenda ni mvua. Sikusema uongo mtupu, kwa sababu mvua kweli zilibadilika, na wengi walikata, huku vihambani na kule msituni. Wageni wanapanda Kilimanjaro kupiga picha za theluji, nayo kweli inakwisha, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshapotea. Lakini maji tunayokunywa kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu. Yanatoka msituni, kwenye mvua na ule ukungu unaonaswa na majani na kuvumwani, zile ndevu zinazoning'inia matawini, mpaka mti unadondosha matone hata siku isiyo na mvua. Yanashuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, yanaingia mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme iliyoko kwenye mto huo. Kwa hiyo hata huko mjini si kwamba hayakuhusu.

Katika Dayosisi yetu ya Kaskazini, Askofu Fredrick Shoo, yule watu waliyemwita askofu wa miti, alisisitiza sana wanafunzi wa kipaimara wapande miti. Usharika ukaniteua mimi, mwalimu mstaafu, kusimamia kitalu. Kila Jumamosi watoto wanakuja na viriba, wananiita mzee wa miti, na mimi kila wakiniita hivyo nasikia ile chenso.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilishindwa kuendelea kunyamaza. Nilikata isale, jani letu Wachagga la kuombea msamaha, nikashuka nalo kwa yule mzee wa chini. Alipoliona mkononi mwangu alinyamaza, maana unajua kwetu mtu aliyekuja na isale hafukuzwi. Nikamweleza yote, na ada yako nikaitaja. Aliniuliza jambo moja tu: "Na kijana alimaliza shule?" Nikasema alimaliza. Akachukua isale, akasema nimletee miche kumi, na ya kwake niipande mwenyewe kwa mikono yangu, hataki watoto wa kipaimara wanisaidie.

Ndiyo kazi ninayofanya, mwanangu. Nusu yake ni deni, na sijaona andiko lolote linalosema deni linafutika kwa sababu soko linakaribia kufungwa. Mama yako nimemwambia wiki jana. Hajanisemesha vizuri bado.

Maji hayajarudi. Miche mitano imefika magotini, miwili mbuzi wamekula, nimeziba pengo kwa mingine. Krismasi ukipanda basi kuja nyumbani usihangaike na keki. Niletee buti za mvua, namba 8, hizi za zamani zimetoboka kisiginoni na pale chemchemini bado pana tope kidogo.

Baba yako