Bili ya chakula ilituharibia likizo, na mwaka huu mama mkwe anakuja

Shangazi mpendwa,

Mwaka jana mimi na mume wangu tulidunduliza tukawapeleka watoto wetu watatu hoteli ya ufukweni kwa wiki nzima. Tulilipia chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni, tukajua tumemaliza. Asubuhi ya kuondoka tukapewa bili ya vyakula na vinywaji iliyokaribia nusu ya gharama ya chumba: soda za kando ya bwawa, chipsi za mchana, aiskrimu, hata maji tuliyokunywa mezani usiku. Mume wangu akaniuliza mbele ya watu, "Ulikuwa unawaangalia watoto au ulikuwa umelala?" Tulisafiri kurudi nyumbani kila mtu na dirisha lake.

Mwaka huu tunakwenda tena, siku 7, kwenye hoteli iliyo katika kisiwa kidogo. Hakuna duka wala mkahawa zaidi ya wa hoteli yenyewe. Watoto wana miaka 14, 9 na 4. Mama mkwe tumemwalika sisi. Wifi yangu, ambaye ana kazi yake, amesema naye anakuja na chumba atajilipia. Kuhusu chakula hakuna aliyetamka neno. Naona haya kutaja pesa mbele ya wakwe nisije nikaonekana mchoyo, lakini nikinyamaza najua bili itatuangukia sisi. Hoteli inataka tuchague mpango wa chakula kabla ya mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Mama wa Watatu

Mwanangu,

Nianze na lile neno la mume wako pale mapokezi. Limekuuma, na lina haki ya kukuuma. Nimeisoma barua yako mara mbili na sioni aliyekuwa amelala. Mlikaa wawili mkapanga chumba, mkaacha chakula kijipange chenyewe, na penye joto, watoto wanatoka majini kila saa na njaa mpya, chakula hakijipangi. Mwambie mume wako hivyo hivyo, jioni moja watoto wakishalala, kabla hamjagusa hesabu za mwaka huu. Usimwambie ili akuombe radhi, ingawa akiomba atakuwa amefanya la maana. Mwambie kwa sababu safari hii inahitaji nyinyi wawili muwe upande mmoja wa meza.

Sasa twende kwenye mpango wa chakula, maana hapo ndipo pesa yenu ilipo.

Hoteli nyingi za namna hiyo zina njia nne: kifungua kinywa peke yake; hafu bodi, yaani asubuhi na jioni; fulu bodi, yaani milo mitatu; na ule wa kila kitu ndani, ambao vinywaji na vitafunio vya kutwa navyo vimo. Mwaka jana mlikuwa hafu bodi. Si mpango mbaya hata kidogo mahali ambapo mtu anaweza kutoka getini akatafuta chakula cha mchana kinachomfaa. Kisiwani huna geti la kutokea. Mchana ukifika, watu 6 wenye njaa, wifi nikimweka kando kwanza, watakaa mbele ya menyu moja tu, na bei ya menyu hiyo imewekwa na mtu anayejua kwamba hamna pa kwenda. Kwa hiyo mimi, kwa mahali kama hapo, siipendi hafu bodi, hata ikionekana rahisi kwenye karatasi.

Unabaki na fulu bodi na kila kitu ndani. Usichague kwa kukisia. Iandikie hoteli wiki hii uombe vitu vitatu: bei ya kila mpango kwa kila mtu kwa siku, menyu ya mchana yenye bei zake, na orodha ya vinywaji yenye bei zake. Ukivipata, chukua tofauti ya bei kati ya fulu bodi na kila kitu ndani kwa mtu mmoja kwa siku moja. Iweke kando ya bei ya vinywaji viwili na kitafunio kimoja. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hivyo, lipia kila kitu ndani mkastarehe. Ikiwa kubwa, mara nyingi ni kwa sababu ndani yake mna bei ya pombe, na kama nyumbani kwenu hainywewi, mtakuwa mnawalipia wengine. Na uliza "kila kitu" maana yake nini hasa. Mara nyingi juisi ya kukamuliwa, jokofu dogo la chumbani, aiskrimu za kibandani au mgahawa wa pili hapo hotelini havimo, na wageni hulijua hilo wameshakula.

Swali jingine usilisahau: mlo wa kwanza ni upi na wa mwisho ni upi? Kama boti inawafikisha saa 9 alasiri, chakula cha mchana cha siku hiyo mmekikosa, na hoteli nyingi huanza kuhesabu na chakula cha jioni, kisha siku ya kuondoka zinaishia kifungua kinywa. Kama mna siku za matembezi baharini, uliza kama mlo wa mchana uliolipiwa mnaweza kufungiwa mkaondoka nao. Wengi hufunga, ila lazima waambiwe jioni iliyotangulia.

Watoto nao. Huyo wa miaka 4 katika hoteli nyingi hula bure akiwa na mtu mzima anayelipa. Wa miaka 9 mara nyingi hulipiwa nusu. Wa miaka 14 ndiye wa kumwangalia, kwa sababu sehemu nyingi ukivuka miaka 12 wewe ni mtu mzima mezani, iwe unakula kama ndege au kama nahodha. Waulize hoteli yao ina mpaka gani, na umri unahesabiwa siku ya kulipa au siku ya kuingia. Majibu yawe ya maandishi, uende nayo.

Halafu vinywaji, vilivyowachoma mwaka jana. Katika hafu bodi na fulu bodi vinywaji vya mchana na jioni kwa kawaida havimo, hata maji ya chupa. Fanya hesabu hii: watu 6, vinywaji 2 kwa siku, siku 7, ni vinywaji 84. Zidisha kwa bei ya soda moja kwenye orodha yao, utaiona bili ya mwaka jana imekukalia mbele. Na bei unayoiona pale huenda isiwe bei utakayolipa. Angalia alama mbili za kujumlisha baada ya bei, au maandishi madogo chini ya ukurasa: maana yake tozo ya huduma na kodi bado hazijaongezwa. Tuseme huduma ni asilimia 10 na kodi asilimia 15 inayotozwa juu ya jumla hiyo. Kitu cha 100 kinakuwa 126.5. Zaidi ya robo ya bei imeongezeka na hakuna aliyeagiza kitu cha ziada.

Lakini mwanangu, kwenye maji usibane. Hapa sina mzaha. Mtoto anayecheza juani anapoteza maji kuliko unavyodhani, na mama mkwe, kwa umri wake, anaweza kuishiwa maji mwilini kabla hajasikia kiu. Uliza wanaweka chupa ngapi za bure chumbani kila siku, na kama kuna mahali pa kujazia maji salama ya kunywa. Kila mtu awe na chupa yake kutoka nyumbani. Birika la chumbani likiwepo, chemsheni usiku, asubuhi yamepoa. Soda ndiyo iwe na kikomo.

Vitafunio vikavu bebeni: biskuti, karanga, maziwa ya unga ya mdogo. Ila soma kwanza masharti ya mnakokwenda, maana nchi nyingi haziruhusu kuingiza matunda mabichi, nyama wala mbegu, na faini yake inaweza kula akiba yote.

Najua kuna mtu atakushauri mfunge vya asubuhi kwenye leso mle mchana. Nakuomba usifanye. Hoteli nyingi zinakataza, na wifi na mama mkwe wakiwa hapo aibu yake ni kubwa kuliko bei ya mlo. Tena kuna hatari ya tumbo. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa 2 nje ya jokofu si salama tena, na joto likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Mayai ya saa 2 asubuhi yakiliwa saa 7 mchana ufukweni yanaweza kuwapeleka kwa daktari. Jokofu la chumbani nalo mara nyingi halipozi vya kutosha kutunza chakula kilichopikwa, na kuna mengine yana vihisio: ukisogeza chupa yao ili upate nafasi, imeshaandikwa kwenye bili yako.

Jambo litakalowaokoa kuliko yote ni kuijua bili ikiwa bado ndogo. Mwaka jana mliiona mara moja, asubuhi ya mwisho, mizigo iko mlangoni na gari linangoja. Nani anaweza kuhoji mistari 60 katika hali hiyo? Mwaka huu kila jioni baada ya chakula, wewe na mume wako mpite mapokezi, muombe bili ya hadi saa hiyo, msome pamoja. Ni dakika 5. Kosa likiwepo, mhudumu aliyewahudumia bado yupo na anakumbuka. Mimi niliwahi kukuta vinywaji vinne vya meza ya jirani kwenye bili ya chumba changu, na vilifutwa papo hapo kwa sababu ilikuwa jioni ile ile. Ningengoja siku ya kuondoka ningelipa nikinung'unika.

Siku ya kwanza kabisa waambie mapokezi kwamba watoto hawaruhusiwi kusaini chochote kwa namba ya chumba. Kisha wape wale wawili wakubwa posho ya siku mkononi, pesa taslimu au vikaratasi mlivyoandika wenyewe, kimoja sawa na kinywaji kimoja. Wa miaka 14 mwonyeshe hesabu ya vile vinywaji 84. Usimfiche. Mtoto wa umri huo akiiona namba yenyewe husaidia, na mara nyingi ndiye atakayemzuia mdogo wake bwawani. Mkilipa kwa kadi, na mashine ikawauliza kama mnataka kulipa kwa sarafu ya nyumbani au ya pale mlipo, chagueni ya pale mlipo. Ile nyingine huja na kiwango cha kubadilisha ambacho mara nyingi kinawaumiza.

Sasa wakwe. Nimeacha mpaka hapa kwa sababu najua hili ndilo lililokufanya uandike.

Mama mkwe mmemwalika. Basi mlo wake, kinywaji chake, aiskrimu yake akiitaka, vyote ni vyenu, na vihesabiwe ndani ya bajeti kabla ya safari ili asisikie popote kwamba ni mzigo. Asishirikishwe kwenye vikaratasi wala posho. Jioni mkienda kusoma bili, yeye asijue mnakwenda wapi. Mzee aliyealikwa akigundua anahesabiwa maji ataacha kunywa, na nimekwisha kukueleza hilo ni hatari kiasi gani.

Wifi ni habari nyingine. Ana kazi, na mwenyewe amejitolea kulipa chumba. Kwa nini umdhanie kwamba chakula atakitupa kwenu? Huenda naye analala akijiuliza swali hilo hilo, anaona haya kama wewe. Ila asiyetakiwa kumwuliza ni wewe. Ni dada wa mume wako, na neno hilo litoke kinywani mwa kaka yake. Likitoka kwako linakuwa neno la mke wa kaka, na unajua linavyoweza kusafiri. Mume wako ampigie simu, amwambie kitu kama hiki: "Dada, hoteli inataka tuchague mpango wa chakula. Sisi na mama tunachukua fulu bodi. Chumba chako nikuandikie huo huo au wewe una mpango mwingine? Bili ya kila chumba itakuwa peke yake." Sentensi nne. Hakuna aliyetajwa kuwa mchoyo, hakuna aliyeombwa pesa, na bado kila kitu kimesemwa. Mkifika, mapokezi waambiwe wafungue bili mbili, chumba kwa chumba, na mezani mhudumu aambiwe kabla ya kuagiza.

Ukitaka kumfurahisha wifi, mkaribishe jioni moja kwa gharama yenu, umwambie mapema kwamba jioni hiyo ni yenu. Ukarimu mliouchagua hautawauma. Uliowauma mwaka jana ni ule mliousoma kwenye karatasi.

Uchoyo uko mbali sana na unachokifanya. Mchoyo anaficha alicho nacho. Wewe unataka watu 6 wale washibe siku 7 na baba na mama wa watoto warudi nyumbani wakizungumza.

Andika ile barua ya hoteli kesho, usingoje mwisho wa mwezi, maana wao nao huchelewa kujibu. Na wakikujibu niandikie tena. Nataka kujua huyo wa miaka 14 wamemhesabu vipi.

Shangazi yako