Saipresi kubwa ikianza kukauka
Ndugu umeuliza kama uikate juu saipresi yako ya uani kwa sababu matawi yamekuwa kahawia, tafadhali usiikate kwanza. Kama ukavu uko ndani tu karibu na shina hiyo ni kawaida, majani ya zamani yanakosa jua yanakufa, ila kama ncha za nje ndo zinakauka funua matawi uangalie vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) wa kahawia na yale majimaji yao ya kunata yenye masizi meusi, hao waliingia Kenya 1990 na fensi nyingi za saipresi ziliisha. Matawi yenye wadudu punguza uchome. Lakini ukipunguza usikate hadi sehemu ya tawi isiyo na majani, saipresi haichipui hapo, pengo linabaki. Kiangazi mwagilia maji mengi mara mojamoja, mbali kidogo na shina.