Tajiri akitaka uchezee mizani

Bwana asifiwe, mdogo wangu. Umeuliza kama Warumi 13, inayotuagiza kutii mamlaka, inakulazimisha kumtii tajiri wako wa duka la nafaka pale Mgandini, anayetaka uchezee mizani. Hapana. Mamlaka yametoka kwa Mungu, ndiyo maana yana mpaka. Petro alipokatazwa kufundisha alisema Mungu hutiiwa kwanza (Matendo 5:29), na mizani ya hadaa imekatazwa waziwazi katika Mithali 11:1.

Lakini soma pia Danieli 1. Alikataa chakula cha mfalme bila kugombana na mtu: aliomba kwa adabu, akapendekeza yeye na wenzake wajaribiwe siku kumi. Wengi wetu (na hili linaniumiza) tunakataa kwa ukali, tena mbele ya wateja. Wewe mfuate tajiri wako jioni mkishafunga hesabu. Mwambie utawahi kazini, utapanga magunia, utauza kwa bidii zote, ila kilo itabaki kilo. Pendekeza mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo.

Anaweza kukufukuza, na kodi ya chumba haingoji. Kwa hiyo kabla hujaongea naye mweleze mchungaji wako, muombe pamoja, na kanisa lijue huenda ukahitaji msaada.