Nyonga iliyoshikana: kabla ya kukubali kisu cha nne

Swali: Nimejifungua mara mbili kwa kisu, kisha nikapasuliwa tena kutoa mayoma. Huu ni mwaka wa tatu naumwa chini ya tumbo upande wa kushoto, hasa nikigeuka kitandani na kabla ya kwenda haja kubwa. Altrasaundi nne, zote naambiwa "safi". Daktari anasema viungo vimeshikana, anataka kunifungua tena avitenganishe. Mama mkwe anasema ni chango, nitafute dawa ya kunywa. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Pole sana, dada. Tuanze na hizo altrasaundi, maana ndizo zinazofanya wagonjwa wengi waonekane wanadeka. Adhesheni ni nyuzi na tando za kovu zinazogandisha viungo vilivyotakiwa kuteleza: utumbo na kizazi, kizazi na kibofu, ovari na ukuta wa nyonga. Nyingi ni nyembamba mno kuonekana kwenye picha. Ukiambiwa "safi", maana yake hakuna uvimbe wala maji yaliyoonekana, basi. Mpimaji mzoefu anaweza kusukuma taratibu kwa kipimo cha ukeni aone kama kizazi kinateleza juu ya utumbo. Kisipoteleza, hiyo ni dalili. Mwombe afanye hivyo, na akiandike alichokiona.

Utando unaofunika viungo vya tumbo ukikatwa, ukikauka wakati tumbo liko wazi au ukilowa damu, hutoa faibrini, gundi ya mwili yenyewe. Kwa kawaida mwili huiyeyusha ndani ya siku tatu hivi. Pakiwa na maambukizi, au damu isipofika vizuri kwenye jeraha, gundi hubaki, na kufikia siku ya tano hadi ya saba seli za kovu zimeshajijenga ndani yake. Baada ya hapo hakuna dawa ya kunywa, iwe ya hospitali au ya miti shamba, inayoiyeyusha. Chango ni jina la maumivu. Halikuambii yanatoka wapi.

Lakini kisu kinachokata nyuzi za zamani nacho huacha jeraha jipya palepale. Uholanzi walilipima jambo hili kwa wagonjwa 100 wenye maumivu sugu ya tumbo, matokeo yakatolewa 2003. Wote waliingiziwa kamera tumboni. Nusu wakakatwa adhesheni zao, nusu wakaangaliwa tu. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa. Walipofuatiliwa miaka 12, waliokatwa ndio waliokuwa na maumivu zaidi na waliorudi zaidi kupasuliwa. Kwa hiyo "nikufungue nitenganishe", bila sababu nyingine, ni ahadi dhaifu. Sababu nzito zipo: utumbo unaoziba mara kwa mara, endometriosisi (tishu kama ya utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake), au mirija ya uzazi iliyojaa maji kwa anayetafuta mtoto.

Kabla ya yote, jaribu hivi. Lala chali, bonyeza kwa kidole kimoja pale panapouma zaidi, kisha nyanyua kichwa na mabega huku kidole kikiwa palepale. Maumivu yakizidi, huenda chanzo ni ukuta wa tumbo, mara nyingi mshipa wa fahamu ulionaswa kwenye pembe ya kovu la kisu. Mwonyeshe daktari. Huo hutibiwa kwa sindano ya ganzi ya lidokaini palepale kliniki, na ni aibu kumfungulia mtu tumbo kwa kitu ambacho sindano ingekituliza.

Ukifika kwa daktari wa upasuaji, nenda na nakala za ripoti za upasuaji wote watatu. Si karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini. Ni ile ripoti inayosema nini kilikuwa kimeshikana na nini, na mayoma yalitolewa ukuta gani wa kizazi, kwa sababu chale ya ukuta wa nyuma hushikana zaidi. Muulize atatumia matundu madogo au atafungua. Ataingilia wapi, maana utumbo ukiwa umeshika kovu la zamani, hapo ndipo hutobolewa. Kuna daktari wa utumbo karibu? Ataweka kizuizi, kama karatasi ya selulosi au maji ya ikodekstrini ya asilimia 4? Vizuizi hupunguza kushikana, havikuzuii kabisa, na karatasi ya selulosi hushindwa pakiwa bado panavuja damu. Muulize pia kuhusu glavu: zenye unga huchochea adhesheni, na Marekani ilizipiga marufuku 2017.

Swali: Mke wangu ana tatizo hilohilo. Nitajuaje kwamba safari hii si maumivu ya kawaida?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu: Maumivu yanayokuja kwa mawimbi, tumbo linalojaa, kutapika (hasa matapishi ya kijani), na kutopata choo wala kutoa hewa. Hizo ni dalili za utumbo kuziba. Asile, asinywe, na usimpe dawa ya kuharisha kwa kudhani ni choo kigumu. Mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyohiyo. Maumivu yakiacha mawimbi yakawa mfululizo, na homa ikapanda, huenda utumbo umejinyonga na unakosa damu. Hapo hakuna kusubiri kukuche.

Swali: Nimeamua sipasuliwi tena. Natumia diklofenaki kila siku na bibi mmoja hunikanda tumbo. Kuna njia bora?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Diklofenaki ya kila siku itakuharibia tumbo na figo. Ongea na daktari uanze na parasetamoli gramu 1, isizidi mara nne kwa siku. Ibuprofeni mg 400 baada ya chakula iwe ya siku mbaya tu, na usiiguse kama una vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba. Maumivu ya miaka hufanya mishipa ya fahamu iwe mikali, ndiyo maana madaktari wengine huandika amitriptilini mg 10 usiku. Ipe wiki kadhaa kabla ya kuihukumu. Hukausha mdomo na kufunga choo, kwa hiyo maji na mboga laini viende pamoja nayo. Gabapentini, dawa nyingine ya mishipa ya fahamu, haina msaada mkubwa: Uingereza waliijaribu kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga, matokeo yakatoka 2020, haikushinda kidonge bandia. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, hufunga choo, na choo kigumu kwenye utumbo ulioshikana ni balaa juu ya balaa.

Kukandwa kwa nguvu acha. Kovu la nje lililopona, kuanzia wiki ya sita, unaweza kulisogeza mwenyewe kwa vidole viwili na mafuta kidogo, juu, chini na pembeni, dakika tano kwa siku. Misuli ya nyonga ya mtu mwenye maumivu huwa imekaza, kwa hiyo mazoezi ya kuibana huongeza shida. Anza na kupumua kwa tumbo, na mtaalamu wa fiziotherapia akuongoze.

Kula kidogo kidogo mara tano. Kama tumbo huwa linajaa baada ya kula, punguza vinavyonasa njiani: embe lenye nyuzi, tando za chungwa, nazi ya kutafuna, mahindi ya kuchoma.

Swali: Nitapata mimba?
*Msomaji, Bujumbura*

Jibu: Wengi hupata. Kama mwaka umepita bila mimba (miezi sita ukiwa na miaka 35 au zaidi), omba picha ya mirija ya HSG pamoja na kipimo cha mbegu za mume. Mirija ikiwa imeziba pande zote, utungishaji mimba wa maabara (IVF) huipita. Ukikosa hedhi, pima, kisha fanya altrasaundi wiki ya sita kuona mimba imekaa wapi, kwa kuwa mirija iliyoshikana huongeza hatari ya mimba nje ya kizazi. Kizunguzungu na maumivu ya ncha ya bega: hospitali mara moja.